Wastani wa vishale vitatu: nani apangwe, mwenye 58 au mwenye 53?

Mweka_Hesabu

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua takwimu za mchezo wa vishale.

Ligi yetu ya klabu inachezwa 501: kila mmoja anashusha pointi 501 hadi sifuri, na mchezo mmoja wa hivyo ndio legi. Kuanza ni kokote, kufunga ni lazima kwa dabo (ukanda mwembamba wa nje wa ubao, unaozidisha namba mara mbili). Nafasi moja ya timu imebaki kati ya wachezaji wawili, na kamati inataka uamuzi ufuate namba. Kila mmoja amecheza legi 20 na karatasi zote zipo:

Mchezaji A: pointi 9,540, vishale 493, legi alizoshinda 8.
Mchezaji B: pointi 9,252, vishale 520, legi alizoshinda 12.

Programu ya simu inampa A wastani wa 58.05 na B 53.38. Mwandishi mwingine wa ubao amepiga hesabu kwa mkono: amechukua wastani wa kila legi, akajumlisha, akagawa kwa 20. Amepata namba kubwa kuliko za programu, kwa wote wawili. Hapo tumekwama.

Hesabu ipi ni sahihi? Inakuwaje mwenye wastani mdogo ameshinda legi nyingi? Na legi 20 zinatosha kweli kusema fulani ni bora kuliko fulani?

---

Kalamu_na_Chaki

Programu iko sahihi, mkuu. Wastani ni pointi zote alizopata mchezaji, gawa kwa vishale vyote alivyorusha, zidisha kwa 3. Basi. Wastani wa legi haujumlishwi na wastani wa legi nyingine.

Tazama legi mbili tu. Ya kwanza imefungwa kwa vishale 15, wastani 100.2. Ya pili imefungwa kwa vishale 30, wastani 50.1. Mwenzako angejumlisha akagawa kwa mbili, apate 75.15. Lakini mchezaji amepata pointi 1,002 kwa vishale 45, na hiyo ni 66.8. Tofauti ya pointi nane nzima imetoka hewani, kwa sababu legi mbaya ina vishale mara mbili ya legi nzuri lakini imepewa uzito uleule. Ndiyo maana namba za mkono hupanda juu kila mara wachezaji wakiwa na legi ndefu na fupi mchanganyiko.

Kwa kuwa mnaandika kwenye karatasi, kagueni na haya kabla ya kuziamini hata hizo 493 na 520.

Zamu ya mwisho. Mtu akifunga kwa kishale cha kwanza cha zamu, amerusha kimoja, hakurusha vitatu. Waandishi wengi huhesabu zamu kisha wakazidisha kwa tatu. Legi iliyofungwa kwa kishale cha 22 ina wastani wa 68.3, ukiiandika 24 inashuka mpaka 62.6. Huyo mchezaji umemnyang'anya karibu pointi sita kwa kalamu. Kila legi iliyofungwa lazima pembeni iandikwe 1, 2 au 3.

Legi zilizopotea. Zinahesabiwa. Aliyeshindwa akiwa amebakiwa na 64 amepata 437, na vishale vyake vyote vinaingia. Klabu zinazoacha legi za kushindwa huwa zinaweka kumbukumbu ya siku nzuri tu.

Zamu iliyozidisha. Mtu amebakiwa na 32, analenga dabo 16, kinaingia 16 ya kawaida, sasa anahitaji dabo 8. Kishale cha pili kinateleza kwenye 16 ya jirani. Amefika sifuri bila dabo, zamu imekufa, anarudi 32. Pointi ni sifuri, lakini vishale havifutwi. Swali ni kama unaandika viwili alivyorusha au vitatu vya zamu nzima, na programu za simu zinatofautiana hapo. Chagueni njia moja, muiandike juu ya karatasi, na mtu yeyote asiibadilishe katikati ya msimu. Mchezaji mwenye kuzidisha mara kwa mara anaweza kupata wastani tofauti kwa sababu hiyo peke yake.

---

Dabo_Kumi_na_Sita

Naongezea hapo kwenye swali la pili, kwa sababu ndilo lenye utamu.

Wastani unapima kasi ya kushusha 501, na kasi hiyo imechanganya kazi mbili zisizofanana: kukusanya pointi kwenye trebo (ukanda mwembamba wa ndani, unaozidisha namba mara tatu), na kufunga kwenye dabo. Katika legi uliyoshinda pointi ni zilezile 501 daima, kwa hiyo wastani wake ni 1,503 (501 mara tatu) gawa kwa idadi ya vishale. Hakuna kingine ndani yake. Vishale 9 ni 167, 12 ni 125.25, 15 ni 100.2, 18 ni 83.5, 21 ni 71.6, 24 ni 62.6, 30 ni 50.1. Ukishazizoea namba hizi unasoma mechi bila kikokotoo.

Sasa chukua legi moja na uishike mkononi. Mchezaji anapiga 140, 100, 100, 121. Amekusanya 461 kwa vishale 12, amebakiwa na 40. Akigonga dabo 20 kwa kishale cha kwanza, legi ni ya vishale 13 na wastani 115.6. Akigonga kwa cha tatu, 100.2. Akikosa sita na kufunga kwa cha saba, legi ni ya vishale 19 na wastani 79.1. Zamu nne za mwanzo ni zilezile, mkono ni uleule, lakini wastani umetembea zaidi ya pointi 36. Ndiyo maana kwenye takwimu za mashindano makubwa huwekwa pia wastani wa vishale tisa vya kwanza vya kila legi. Katika mfano huu ni 113.33 kwa hali zote tatu, maana dabo haijaingia bado.

Rudi kwa wachezaji wako. Legi 20 za 501 ni pointi 10,020. A amepata 9,540, pungufu ni 480. Pungufu yote hiyo iko kwenye legi 12 alizoshindwa: wastani wa 40 kila legi. B pungufu yake ni 768 kwa legi 8, yaani 96 kila legi. Maana yake A anaposhindwa, kwa kawaida tayari amekwishafika mlangoni, amesimama kwenye dabo, na mwenzake anampita hapohapo. B anaposhindwa, ameachwa njiani. Hata kabla ya kufungua karatasi nyingine, jumla hizo mbili zinakuambia tatizo la A liko wapi.

Na usishangae aliyeshindwa kuwa na wastani mkubwa. Mshindi akifunga kwa vishale 18 ana 83.5. Mpinzani ambaye kwa vishale 15 amepata 450 ana 90, na hajawahi kulipa gharama ya dabo hata mara moja. Wastani wake uko juu kwa sababu amekatishwa kabla ya sehemu ngumu. Kwenye nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa PDC (shirika la vishale vya kulipwa) mwaka 2017, Raymond van Barneveld alipiga 109.34 akafungwa seti 6-2 (seti ni kundi la legi), kwa kuwa upande wa pili Michael van Gerwen alipiga 114.05.

Mkuu, tuletee vitu viwili kutoka kwenye karatasi: wastani wa vishale tisa vya kwanza, na vishale vilivyorushwa kwenye dabo dhidi ya dabo zilizoingia.

---

Mweka_Hesabu

Asante sana wakuu, hilo la 40 na 96 sikuliona kabisa.

Nimepitia karatasi. Vishale tisa vya kwanza: A ana 71.0, B ana 61.0. Dabo: A amegonga 8 kwa vishale 94, B amegonga 12 kwa vishale 71. Kwa asilimia ni 8.5 dhidi ya 16.9.

Kwa hiyo A ni mkusanyaji na B ni mfungaji. Nikiipeleka hivyo kwenye kamati nitakuwa nimekosea?

---

Tarakimu

Hujakosea kuelekea huko, ila usiipeleke kama jambo lililothibitika. Legi 20 ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Zamu moja ya vishale vitatu inayumba sana. Mchezaji wa kiwango hiki anapiga 26, halafu 85, halafu 41, halafu 100. Nilivyokadiria kwa mchezaji anayepata trebo kwa kishale kimoja kati ya kumi, 20 ya kawaida kwa asilimia 45, na kilichobaki kwenye 1 na 5, zamu yake ya kawaida ni kama 49 na mtawanyiko wa kawaida (kiasi ambacho zamu huyumba juu na chini ya hiyo 49) ni kama pointi 29. Tumia 29 hiyo kama kipimo cha mkononi. Gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya zamu, zidisha kwa mbili, na hayo ndiyo makosa yanayoweza kuwemo juu na chini.

A amerusha zamu kama 164. 29 gawa kwa 12.8 ni 2.3, mara mbili ni 4.5. Kwa hiyo 58 yake inaweza kuwa mchezaji wa 54 aliyebahatika au wa 62 aliyekosa bahati. Ukilinganisha wawili, makosa ya tofauti yanakuwa makubwa zaidi, kama 6.3. Tofauti yao ni 4.7. Haijavuka.

Dabo pia haijavuka. 8 kwa 94 na 12 kwa 71 inaonekana kama mbingu na ardhi, lakini tofauti ni asilimia 8.4 na makosa yake ni kama 10.6. Vishale tisa vya kwanza ndivyo vilivyokaribia zaidi, tofauti 10 na makosa kama 10.6 vilevile. Na zote tatu zinaelekea upande unaoeleweka, ndiyo maana nakubaliana na tafsiri ya Dabo_Kumi_na_Sita, lakini nisingeuita ushahidi.

Ukitaka kumjua mtu kwa makosa ya pointi 3 juu na chini unahitaji zamu kama 375, yaani legi 44 hivi. Kwa pointi 2 ni zamu 840 na ushee, legi karibu 100. Mechi moja ya legi nne au tano ina makosa ya kama pointi 9. Kumwacha mtu kwa sababu Jumamosi alipiga 50 na mwenzake 56 ni kumwonea.

Tena wakubwa nao hawasalimiki. Desemba 2024, kwenye ubingwa wa dunia, Luke Littler alifunga legi tatu za seti ya mwisho dhidi ya Ryan Meikle kwa vishale 11, 10 na 11. Piga mwenyewe: 1,503 (pointi za legi tatu) gawa kwa 32, mara tatu, ni 140.91. Wastani wake wa mechi nzima ile ulikuwa 100.85. Mtu yuleyule, usiku uleule, pointi 40 za tofauti, kwa sababu vishale 32 ni vichache mno.

---

Mstari_237

Naomba kupingana kidogo na mwelekeo wa uzi huu, maana watu wakisoma hapa wataona wastani ni kitu cha kutupa. Si kweli. Hakuna namba moja inayomweleza mchezaji vizuri zaidi ya wastani wake wa muda mrefu kwenye mfumo uleule. Mtu wa 75 kwa legi 200 ni bora kuliko mtu wa 60 kwa legi 200, na hakuna dabo itakayobadilisha hilo. Shida huanza pale namba zinapotoka sehemu tofauti zikawekwa kwenye safu moja.

Mfumo wa kuanza. Mashindano ya World Grand Prix, tangu 1998, yanachezwa kwa kuanza na dabo na kufunga na dabo. Vishale vyote unavyokosa kabla ya dabo ya kuanzia vinahesabiwa na pointi zake ni sifuri. Wastani unashuka kwa wote, hata kwa mabingwa. Legi ya vishale tisa inabaki 167 hata hapo (Brendan Dolan aliipiga 2011 kwa zamu za 160, 180 na 161), ila ni adimu. Ukiona mtu ana 88 kule na 97 kwingine, hajashuka kiwango.

Seti. Seti inafuta legi za ziada, wastani haufuti chochote. Kwenye mechi ya seti tano, kila seti legi tano, unaweza kushinda seti tatu kwa 3-2 na kupoteza mbili kwa 3-0. Umeshinda mechi kwa legi 9 dhidi ya 12. Wastani wako karibu hakika utakuwa chini ya wa uliyemtoa. Desemba 2025 David Munyua wa Kenya alikuwa nyuma seti 2-0 kwenye ubingwa wa dunia pale Alexandra Palace, London, dhidi ya Mike De Decker wa Ubelgiji, akageuza ikawa 3-2. Ushindi wa namna hiyo hauwezi kuusoma kwenye wastani wa mechi nzima. Inabidi uone pointi zilikuja lini.

Kizamani takwimu nyingi za Uingereza ziliandikwa kwa kishale kimoja. Ukikuta 31.5 kwenye karatasi ya zamani, zidisha kwa tatu kabla ya kucheka. Ni 94.5.

Na ubao wenyewe, ambao klabu nyingi zetu hawaupimi. Kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, mstari wa kurushia uwe mita 2.37 kutoka uso wa ubao. Watu hupima kutoka ukutani. Ubao una unene, na mara nyingi umewekewa kipande cha mbao nyuma, kwa hiyo ukipima kutoka ukutani mrushaji anasogea karibu kwa unene huo wote. Njia ya haraka ya kukagua ni kamba: kutoka kitovu cha ubao hadi ukingo wa mstari, kwa mshazari, iwe mita 2.93. Ikipungua au kuzidi, wastani wa ukumbi huo usiulinganishe na wa ukumbi mwingine.

Halafu wapinzani, Mweka_Hesabu. A na B wamecheza na watu walewale? Wastani wenyewe hauathiriki sana na mpinzani, maana kila mtu anarusha kwenye ubao wake bila kuzuiwa. Lakini idadi ya legi za kushinda inaathirika moja kwa moja. Hizo 12 za B zinaweza kuwa zimetoka kwa wapinzani wa 45.

---

Dabo_Kumi_na_Sita

Hapo kwa wapinzani nakubali, na ndiyo sababu mimi naegemea zaidi kwa A kuliko uzi unavyoonyesha.

Angalia ubao. Trebo 20 ina kina cha milimita 8 na upana wa kama 32 pale katikati yake. Dabo 20 ina kina hichohicho cha milimita 8, lakini upana ni kama 52, kwa sababu iko nje zaidi. Kwa eneo ni milimita za mraba 259 dhidi ya 417. Dabo ni kubwa mara 1.6. Mtu mwenye 71 kwa vishale tisa vya kwanza, kwa makadirio, anagonga trebo kwa kishale kimoja kati ya vitano. Huyohuyo kugonga dabo kwa kimoja kati ya kumi na mbili hakuelezwi na mkono. Ama anachagua dabo vibaya, ama anabadilisha mwendo wa kurusha akifika pale, ama anaharakisha mpinzani akiwa karibu. Vyote vitatu vinatibika ndani ya miezi. Kumtoa B kwenye 61 hadi 71 ni kazi ndefu zaidi.

Piga hesabu ya faida. A angekuwa na asilimia za B, dabo zake 8 zingemgharimu vishale 47 badala ya 94. Pointi 9,540 kwa vishale 446 ni 64.2. Pointi sita zimepanda bila trebo hata moja kuongezeka, na bado sijahesabu legi ambazo angeshinda zaidi.

Kaangalie kwenye karatasi zake anabakisha nini. Wengi wanabakisha 40 kwa mazoea. Ukilenga dabo 20, majirani ni 1 na 5: kikiteleza kushoto au kulia unabaki na 35 au 39, namba witiri, na unahitaji kishale kimoja zaidi kabla ya kulenga dabo tena. Kikiingia ndani kidogo unabaki 20, halafu 10, halafu 5, umekwama. Kwa 32 mambo ni mepesi: ukiingia ndani ni 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, kote dabo ipo. Kikiteleza kwenye 8 unabaki 24, dabo 12. Ni 7 tu inayokuharibia.

---

Mweka_Hesabu

Nimeangalia. A kabakisha 40 kwenye legi nyingi, na kuna 50 kadhaa. B anapenda 32 na 16.

Hilo la 50 linanipa wasiwasi. Mtu akibakiwa na 50 na kurusha 10 ili abaki na 40, tumeandika kama kishale cha dabo. Ni sawa? Na kuna mmoja hapa klabuni anasema wote wawili waache 20 wahamie 19, kwamba watapanda wastani.

---

Kalamu_na_Chaki

Si sawa, na hapo ndipo asilimia za A zinaweza kuwa zimeonewa.

Kishale cha dabo ni kile ambacho kikiingia kilipolengwa legi inaisha. Mchezaji awe na namba shufwa kuanzia 2 mpaka 40, au awe na 50 akilenga kitovu chekundu (kina pointi 50 na huhesabiwa kama dabo). Aliyebakiwa na 50 akarusha 10 kwa makusudi hajajaribu kufunga, hicho hakihesabiwi. Aliyebakiwa na 35 akilenga 3 ili abaki na 32, hakihesabiwi. Lakini aliyebakiwa na 32 akatupa pembeni kabisa, kimegusa waya au hakikugusa, kinahesabiwa.

Programu haijui mtu amelenga wapi, ndiyo maana nyingi zinakuuliza mwisho wa zamu vishale vingapi vilikuwa vya dabo. Mwandishi lazima amtazame mchezaji, asijaze kwa kukisia baadaye. Kwenye karatasi weka safu tano kwa kila legi: jumla baada ya vishale 9, jumla ya vishale, kilichobaki kama kapoteza, vishale vya dabo, na dabo iliyofungia. Inatosha. Hiyo ya tano ndiyo itakayokuonyesha mazoea ya 40 bila kupekua tena.

Rudieni kuhesabu 94 za A mkiondoa vishale vya 50 vilivyolenga 10. Zikishuka hadi 80 tu, asilimia inapanda hadi 10.

---

Tarakimu

Kuhusu 19: inategemea mtawanyiko wa mkono, si wastani peke yake. Kuna hesabu ya watakwimu iliyochapishwa 2011 inayoonyesha kwamba mwenye mtawanyiko mdogo anafaidika zaidi na trebo 20, na ukivuka kama milimita 16 mahali bora panahamia trebo 19. Sababu ni majirani. 20 imebanwa na 1 na 5, 19 imebanwa na 3 na 7. Ukizidi kutawanya, panasogea taratibu kuelekea katikati ya ubao upande wa kushoto.

A yuko karibu na mpaka au ndani yake, abaki kwenye 20. B ajaribu: zamu 50 kwenye 20 na zamu 50 kwenye 19, zikipishana kumi kumi ili uchovu usiangukie upande mmoja, na ziandikwe zote hata mbovu. Akumbuke makosa ni yaleyale: zamu 50 kwa 50 tofauti ndogo ya pointi tano haina maana. Zikikaribiana, arudie siku nyingine na kuunganisha.

Na msitumie wastani wa mazoezi ya peke yake kwa uteuzi. Mtu akiwa peke yake anaacha legi iliyoharibika na kuanza nyingine, na dabo anarusha mpaka iingie bila mtu wa kumkatisha.

---

Mstari_237

Kwa kamati: kama mechi iko zaidi ya wiki tatu, wapeni A na B wapinzani walewale wanne, legi sita kila mpinzani, nusu waanze wao na nusu aanze mpinzani. Hizo ni legi 24 kila mmoja. Ukijumlisha na 20 za mwanzo unafika 44, ile idadi aliyotaja Tarakimu. Kuanza kugawanywe sawa bila kukosa, kwa sababu anayeanza anafika kwenye dabo zamu nzima mbele.

Kama mechi ni Jumapili hii, mimi ningempanga B kwa mechi za mmoja kwa mmoja, na kama kuna mechi za wawili wawili ningemweka A na mfungaji mzuri.

---

Mweka_Hesabu

Mechi ni tarehe 28, muda upo. Nimetoa vile vya 50: A ana 8 kwa 83, asilimia 9.6. Kesho tunapima ubao kwa kamba, legi za kwanza ni Alhamisi.